Kitanda cha Pili

Nafasi kati ya ufito na ufito
naipima kwa chupa ya soda.
Ikipita, nang'oa misumari, naanza upya.
Vugutsa wa duka la mbegu amesimama mlangoni:
"Fundi, hicho ni kitanda au gereza?"
Sikumjibu. Chupa ilikuwa imepita.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa mapenzi na vanishi.
Kageha akakijaza: godoro laini kama uji,
mto, shali, dubu wa manyoya wa mitumba ya Luanda,
blanketi tatu, maana baridi ya Maragoli
hupenya hata mawe.
Tukamlaza Mmbone kifudifudi
kama tulivyolazwa sisi, na waliotuzaa.
Alikuwa na miezi mitatu na siku nne.

Asubuhi ile chai ilichemka ikamwagika, ikazima moto,
na hakuna aliyeinuka.

Watu walisema kwa niaba yetu.
Jicho la fulani. Mama alimlalia. Maziwa yalimpanda.
Kila mmoja alileta sababu yake
kama anavyoleta sukari matangani.
Nesi Ayuma wa zahanati hakuleta sababu.
Aliketi kwenye benchi, viatu vimejaa matope,
akasema: "Wapo wanaoondoka hivi, usingizini,
na daktari akitafuta hapati.
Hamkumuua. Nisikilizeni. Hamkumuua.
Lakini akija mwingine, yapo ya kufanya."

Mwingine amekuja.
Ana kilo tatu na kitu, analia kama msumeno wenye kutu.

Basi godoro gumu, na shuka moja
iliyovutwa kama ngozi ya ngoma.
Mto hakuna. Dubu hakuna.
Jiko la makaa linalala nje,
na sigara zangu nilizitupa chooni siku ya kliniki,
siku Kageha aliposikilizishwa moyo mdogo ukidunda.
Kitanda kiko mkono mmoja kutoka chetu:
karibu na ziwa la mamake, mbali na ubavu wangu mzito.
Na mtoto chali. Mchana chali, usiku chali.
Enzi zangu za mieleka chali ilikuwa aibu,
vumbi mgongoni na kijiji kizima kinacheka.
Sasa nikimwona kaangushwa chali na usingizi
natamani kumpigia makofi.

Ningependa kusema: mtoto umlazavyo ndivyo aamkavyo.
Sisemi. Fundi anajua mbao, hata ukiipima mara mbili,
yaweza kupinda.
Napima mara tatu.

Jumamosi mama yangu kashuka pikipiki kutoka Sabatia
na furushi: blanketi mbili, kofia ya sufi,
na mto alioushona mwenyewe, umetariziwa
LALA SALAMA kwa uzi mwekundu.
Akamkuta mjukuu kwenye uwazi ule, na nguo yake ya kulalia tu.
"Mnamlaza kama samaki sokoni?"
Nikaanza kueleza, nikakwama.
Kageha ndiye aliyemshika mkono,
akauweka nyuma ya shingo ya mtoto.
"Hisi, mama. Ana joto. Hana jasho. Kumemtosha."
Mama akanyamaza kitambo.
"Mimi niliwalaza wanane kwa tumbo," akasema.
Kisha, chini zaidi: "Mko sita."

Maisha yangu yote nimejua tuko sita.
Wanane sikuwahi kuwasikia.

Usiku stima imepotea. Nimeamka saa nane
kama ninavyoamka kila usiku, kusikiliza.
Mama yuko macho, kigodani, kando ya kitanda.
Mto wake ameukalia mwenyewe,
LALA SALAMA yote chini ya miaka sabini na mmoja,
na vidole vyake vyembamba vimepita
pale chupa ilipokataa,
vinagusa soksi moja tu, basi.
"Lala," ananiambia bila kugeuka.
"Hii ni zamu yangu."